Yamaha PSR-E473: Kinanda Chenye Bendi Nzima Ndani. Kitakuinua Ama Kitakula Doh Yako Bure?

Kama unapiga kinanda kanisani, unatafuta gigi za harusi, ama unataka kuunda ngoma ukiwa keja, lazima umeshakutana na hili swali: ninunue kinanda gani? Ukiuliza wasee kumi utapata majibu kumi. Mmoja atakwambia angalia idadi ya sauti, mwingine atakwambia bora iwe Yamaha, mwingine atakuuzia chake cha zamani hapo hapo.

Leo tunachambua Yamaha PSR-E473, iliyotoka mwaka wa 2022. Inakaa katikati: si kinanda cha mtoto wa kuanza, na si ile mashine ya bei ya pikipiki. Msee mwenye doh ya kujinyima ataifikiria, na ndiyo maana ni muhimu ujue mapema inakupa nini na inakunyima nini. Doh ya miezi kadhaa ya hasla si kitu cha kubahatisha.

Kwanza, arenja ni nini?

Vinanda viko vya aina nyingi. Kuna piano ya kidijitali yenye kii 88 nzito, ya msee anayetaka kupiga piano kama piano. Kuna sinthesaiza, ya kuunda sauti zako kutoka mwanzo. Kuna kontrola ya MIDI, ambayo haina sauti yake na bila kompyuta ni ubao tu. Halafu kuna arenja.

Arenja ni kinanda chenye bendi ndani. Unachagua staili, tuseme reggae. Mkono wa kushoto unashika kordi, na mashine inapiga drums, besi, gitaa na vinanda vya nyuma ikifuata hiyo kordi. Mkono wa kulia unabaki huru kupiga melodi. Ukibadilisha kutoka C kwenda F, bendi yote inahama na wewe.

Kwa Yamaha, staili moja inaweza kuwa na njia nane: mbili za drums na ngoma ndogo, moja ya besi, mbili za kordi, moja ya sauti ndefu za kujaza nyuma, na mbili za virembesho. Kila njia unaweza kuizima peke yake. Shika hiyo pointi, tutairudia, ju wasee wengi wanaimiliki hii mashine miaka na hawajawahi kuigusa.

Usiidharau: riddim moja ya kibodi iligeuza reggae

Kuna wasee huona arenja kama mdoli wa muziki. Wakumbushe hii. Mwaka wa 1981 Casio ilitoa kibodi ndogo inaitwa Casiotone MT-40. Ndani kulikuwa na mdundo mmoja ulioitwa "rock", uliotengenezwa na Hiroko Okuda, dada aliyekuwa mfanyakazi mpya wa Casio na mpenzi wa reggae. Kibodi hiyo ikafika Jamaica mikononi mwa Noel Davey. Yeye na Wayne Smith wakaucheza ule mdundo, wakaupunguza kasi, wakampelekea prodyusa King Jammy. Mwaka wa 1985 ikatoka "Under Mi Sleng Teng", na kuanzia hapo dancehall ikaingia enzi ya kidijitali. Matoleo ya hiyo riddim mpaka leo ni mengi ajabu.

Somo ni moja. Mdundo ulikuwa kwa kila MT-40 iliyouzwa duniani, na kila mnunuzi aliubonyeza ukacheza vile vile. Waliotoka nao ni wale walioupinda.

PSR-E473 kwa kifupi

- Kii 61, yaani oktavu 5, nyepesi aina ya ogani, zinazosikia nguvu ya kidole
- Sauti 820
- Staili 290 zilizokuja nayo, na nafasi 10 za kuingiza staili za nje
- Noti 64 kwa wakati mmoja
- Gurudumu la kupinda noti, na visu viwili vya kuzungusha ili kubadilisha sauti ukicheza
- Tundu mbili za kutoa sauti, kushoto na kulia, za pini kubwa
- Tundu la maiki, na tundu la kuingiza sauti kutoka kwa simu
- USB ya kompyuta inayobeba sauti na MIDI pamoja, na USB ya flashi
- Spika mbili, wati 6 kila upande
- Adapta ya volti 12 ama betri sita
- Uzito kama kilo 7

Hiyo ndiyo karatasi. Sasa tuone inamaanisha nini ukiwa kazini.

Inapokufaa

*Tundu mbili za kutoa sauti.* Hii ndiyo sababu kubwa ya kuchagua E473 badala ya ndugu zake wadogo. Vinanda vingi vya bei ya chini vina tundu moja tu, linalofanya kazi ya hedfoni na ya kwenda kwa spika. Ukichomeka waya hapo, spika za kinanda zinazima, na waya ukiwa mbovu uko peke yako mbele ya watu. Kwa E473 unatoa kushoto na kulia moja kwa moja hadi kwa miksa. Kama fundi wa mitambo ana nafasi moja tu, chomeka ile ya L/L+R, upate sauti zote kwa waya mmoja.

*Gurudumu la kupinda noti.* Ukitaka solo ya gitaa ama ile sinthi ya kulia kwenye ngoma za injili, bila hili gurudumu utasikika kama toni ya simu.

*Kumbukumbu za mpangilio.* Vitufe vya REGIST MEMORY vinahifadhi kila kitu ulichopanga: sauti, staili, kasi, ufunguo. Ziko nafasi 32, benki nane za nne nne. Mtu wa rhumba hapa ndipo anapona. Weka mpangilio wa kwanza uwe ile sehemu ya pole ya mashairi, wa pili uwe sebene na kasi yake. Wakati wa kuchangamka ukifika, kidole kimoja tu. Bila hii utakuwa unatafuta namba ya staili huku watu wamesimama na vitambaa mkononi.

*USB ya kompyuta.* Waya mmoja unaingiza sauti ya kinanda kwenye FL Studio ama programu nyingine, kwa ubora wa 44.1 kHz na biti 16. Huhitaji kununua kadi ya sauti kwanza. Kwa msee anayeanzia keja, hiyo ni doh imebaki mfukoni.

*Sampuli za haraka.* Unaweza kurekodi sauti fupi kutoka kwa maiki ama simu na kuziweka kwenye pedi nne. Honi ya nganya, makofi ya mbogi yako, kelele ya "weeeh!" Ni mchezo, lakini ni mchezo wenye kazi.

*Betri.* Tunaishi Kenya. Stima ikipotea katikati ya kesha, msee wa piano ya kidijitali anakunja mikono. Wewe ukiwa na betri sita mpya, kwaya inaendelea hadi fundi aamshe jenereta.

Inapokuangusha

*Spika.* Wati 6 kila upande ni za keja na mazoezi. Kwenye tenti ya harusi yenye watu mia mbili, hizo spika zitasikika na meza ya kwanza pekee. Hesabu bei ya amplifaya ama spika ya nje kabla hujasema doh imetosha.

*Noti 64.* Inasikika nyingi hadi ukumbuke kwamba bendi ya ndani inakula kutoka kwa hizo hizo. Drums zinachukua, besi inachukua, gitaa la nyuma linachukua. Ukiweka piano juu, ukaongeza vayolini juu ya piano, halafu ukakanyaga pedali ya kushikilia bila kuachilia, noti za kwanza zitaanza kukatika. Dawa ni kuinua mguu kila kordi inapobadilika. Ni tabia nzuri hata kwa piano halisi.

*Kii.* Nyepesi, fupi kwa safari, nzuri kwa ogani na sinthi. Kama lengo lako ni mitihani ya piano, zile gredi za ABRSM, hapa hutafika mbali. Kidole kikizoea kii nyepesi, siku ukiketi kwa piano ya ukweli kitachoka kabla ya ukurasa wa pili. Tena oktavu tano zinaisha haraka: mkono wa kushoto ukianza kushuka kwa besi, unagonga mbao.

*Haitengenezi staili.* Hii ndiyo kubwa kuliko zote. E473 inacheza staili na inakubali uingize kumi kutoka nje kwa flashi, lakini haina sehemu ya kuunda staili yako mwenyewe ndani yake. Ndugu yake mkubwa PSR-SX600 anayo. Casio CT-X3000 nayo inakuacha uhariri midundo ndani ya kinanda. Kama hujui kwa nini hiyo ni maneno, soma sehemu inayofuata.

*Haina Bluetooth.* Ukitaka kucheza wimbo wa simu kupitia spika zake, tafuta waya.

*Pedali ni ya kununua kando.* Ndiyo, utalipa tena. Usisahau na stendi na mfuko. Kinanda kinachopanda matatu bila mfuko hakimalizi mwaka.

Bendi ya ndani haijazaliwa hapa

Hapa ndipo matangazo hunyamaza. Staili 290 zinasikika kama dunia yote, lakini fungua listi uisome kwa makini. Kuna mizigo ya pop, rock, ballad, dansi, jazz, kantri, latin, waltz. Usitarajie kukuta kitufe kimeandikwa mugithi, benga, ohangla ama chakacha.

Yamaha inajua kutengenezea watu muziki wa kwao. Kwa India walitoa PSR-I500, yenye sauti na staili za huko. Kwa muziki wa Mashariki ya Kati kuna familia ya PSR-A, inayoweza kupiga zile noti za katikati ambazo piano ya kawaida haina. Sisi bado hatuna letu.

Kwani shida iko wapi? Chukua benga. Gitaa ya besi kwa benga haikai chini kushika noti ya kordi ikingoja. Inaruka, inajibizana na gitaa ya solo, inaingia pale drums zimeacha nafasi. Staili za arenja zinajengwa kinyume: besi inafuata kordi ya mkono wako wa kushoto, kila mzunguko vile vile. Ukichukua staili ya latin ukaiongeza kasi, mama atacheza, lakini mzee aliyekua na Shirati Jazz atajua mara moja kuna kitu kinakosa.

Kuna njia tatu za kutoka hapo.

Ya kwanza, tafuta staili za nje. Wapiga vinanda wa hapa huundiana na kuuziana staili kwa flashi. Kabla hujalipa, isikie ikicheza kwa kinanda cha modeli yako kabisa. Staili iliyoundwa kwa kinanda kikubwa inaweza kuingia kwa E473 na kutoa sauti tofauti, ju sauti zilizotumika kule hapa hazipo.

Ya pili, ikate staili vipande. Zile njia nane unakumbuka? Washa drums pekee, zima besi, zima gitaa, halafu besi uipige wewe na mkono wa kushoto. Ghafla ule mdundo wa kigeni unaanza kuongea lugha yako, ju besi ndiyo inabeba lafudhi ya benga. Ni kazi ngumu zaidi, na ndiyo inayokutofautisha na msee mwingine mwenye kinanda kama chako.

Ya tatu, jenga kwa kompyuta. Piga drums zako kwenye programu, weka wimbo kwa flashi ama simu, upige juu yake. Wasee wa gitaa moja kwenye mugithi wamejaza baa miaka mingi wakiwa na gitaa, sauti yao na mdundo wa mashine. Hakuna mteja aliyewahi kurudisha soda kwa sababu drama hayupo.

Mkono wa kushoto: hapa ndipo hela yako inapimwa

Arenja inaweza kukufanya usikike fundi kabla hujawa fundi. Yamaha wana mfumo wa kushika kordi kwa njia rahisi, unaitwa Multi Finger. Unafanya hivi:

- Kordi kubwa ya C: bonyeza C pekee
- C ndogo: bonyeza C na kii nyeusi iliyo karibu zaidi upande wake wa kushoto
- C7: bonyeza C na kii nyeupe iliyo karibu zaidi upande wake wa kushoto

Siku ya kwanza tu unasikika na bendi nzima. Raha tupu. Kuna na Smart Chord, ambayo unaiambia ufunguo wa wimbo na yenyewe inachagua kordi inayokaa vizuri kwa kila kidole kimoja unachobonyeza.

Sasa sikia upande wa pili. Msee akikaa miaka mitatu kwa kidole kimoja, akitumia kitufe cha TRANSPOSE kila mwimbaji anapobadilisha ufunguo, mikono yake inajua C pekee. Siku moja anaalikwa mahali kuna piano ya ukutani, ama kinanda cha aina nyingine, ama stima imeenda na betri zimekufa. Mwimbaji anaanza kwa A flati. Hapo kila mtu anajua nani alikuwa anapiga: ni yeye ama ni kinanda.

Na hii si mambo ya sifa tu, ni mkate. Mpiga kinanda anaitwa kwa gigi ju anaweza kufuata mwimbaji. Mwimbaji wa injili akipata moto atarudia kiitikio mara nane, atapunguza kasi, ataongea katikati, atapandisha ufunguo bila kukuangalia. Bendi ya ndani haimwoni. Inahesabu moja mbili tatu nne kama saa ya ukutani. Ukigusa ENDING mapema, kwaya inabaki hewani.

Kwa hivyo jiwekee sheria hizi kuanzia wiki ya kwanza:

1. Shika kordi kamili, vidole vitatu, hata kama mashine inakubali kimoja.
2. Kila wimbo unaoujua kwa C, ujifunze kwa G na kwa F kabla ya kugusa TRANSPOSE.
3. Kila mazoezi, wimbo mmoja upige bila staili kabisa. Piano tu na mguu wako ukipiga chini.
4. Wakati wa kuabudu, zima staili. Bakisha piano na vayolini, umfuate mwimbaji kwa macho. Staili iache kwa nyimbo za kucheza zenye kasi moja.
5. Kama kanisa lina mpiga besi, zima njia ya besi ya staili. Kama lina drama, zima drums. Besi mbili zikigongana, hata msee asiyejua muziki anahisi kuna fujo.

Hiyo ya tano ina heshima ndani pia. Mpiga besi ni msee mwenye njaa kama yako. Arenja imefanya watu wa harusi waanze kumwita mtu mmoja badala ya wanne. Ukiwa na nafasi ya kupiga na watu, piga na watu. Utajifunza kusikiliza, na mashine haiwezi kukufundisha hilo.

Ukiilinganisha na ndugu zake

*PSR-E373 (2020).* Kii 61, sauti 622, staili 205, noti 48. Nyepesi, bei ya chini, inarekodi kwa kompyuta kupitia USB vizuri tu. Lakini haina gurudumu la kupinda noti, haina tundu la maiki, haina ya flashi, na ina tundu moja la sauti. Kama unaanza kabisa na uko keja, inatosha na unabaki na chenji ya pedali.

*PSR-EW425.* Ni E473 yenye kii 76 na spika zenye nguvu zaidi, wati 12 kila upande. Kama unapiga mikono miwili kama piano, hizo kii 15 za ziada utazishukuru. Kwa matatu itakusumbua.

*PSR-SX600 (2020).* Staili 415, noti 128, na ile sehemu ya kuunda staili. Kila staili ina vipande vinne vikuu badala ya viwili, kwa hivyo wimbo unapanda hatua kwa hatua. Lakini haitumii betri na haina tundu la maiki. Kama unaishi kwa harusi na una doh ya ziada, hii ndiyo ngazi inayofuata.

Umeona kitu? Tofauti zinazouma si idadi ya sauti. Kati ya sauti 820, wapiga vinanda wengi hutumia kumi na tano hivi: piano mbili tatu, ogani, vayolini, tarumbeta, gitaa, besi, sinthi kadhaa. Dukani muuzaji atakusomea namba kubwa ju namba ni rahisi kusoma. Wewe uliza tundu, uliza gurudumu, uliza staili zinaingiaje.

Ukinunua mtumba, kagua haya

Iwe ni Luthuli Avenue, iwe ni msee wa mtandaoni mliyekutana mahali pa wazi mchana, usitoe doh kabla ya:

- Kubonyeza kila kii, zote 61, pole na kwa nguvu. Kii inayotoa sauti ya juu ghafla ama inayokaa kimya ina shida ndani.
- Kuzungusha kisu cha sauti. Kikikwaruza, kina vumbi ama kimechoka.
- Kuchomeka hedfoni, halafu waya kwa kila tundu la nyuma, na kuutikisa kidogo. Sauti ikikatika, tundu limelegea.
- Kuweka flashi na kuona kama inasomeka. Nenda na yako.
- Kuangalia gurudumu la kupinda noti likirudi katikati lenyewe. Lisiporudi, kila wimbo utakuwa nje ya ufunguo.
- Kusoma adapta. E473 inataka volti 12, Yamaha wanapendekeza PA-150. Adapta ya kubahatisha yenye volti zingine ama iliyogeuzwa chanya na hasi inaweza kuunguza bodi. Kinanda kilichotoka nje na adapta yake ya volti 110 kisichomekwe kwa stima yetu ya 240.
- Kucheza staili dakika kumi mfululizo. Shida zingine hutokea mashine ikipata joto.
- Kuomba risiti ama ushahidi wowote wa umiliki. Kinanda cha kanisa kilichopotea usiku kina watu wanaokitafuta.

Nani ainunue?

Inunue kama unapiga kanisani ama kwenye hafla ndogo, unabeba kinanda mwenyewe, unataka kurekodi keja, na uko tayari kufanya kazi juu ya staili ili zisikike za kwetu.

Ingoja kidogo kama tayari una gigi kila wikendi na unahitaji kuunda staili zako. Ongeza doh uende SX600, ama ukague Casio CT-X3000.

Iache kama unataka mitihani ya piano. Tafuta piano ya kidijitali yenye kii 88 nzito. Iache pia kama kazi yako ni kutengeneza biti pekee kwa kompyuta. Kontrola ya MIDI ya bei ndogo itakufanyia hiyo kazi, na doh inayobaki nunua spika nzuri za kusikilizia.

Maswali ambayo wasee huuliza

*Naweza kurekodi ngoma kamili nayo?* Ndiyo, lakini chanuka. Ukirekodi kupitia USB ukiwa umewasha staili, drums, besi na piano zinaingia zote kwa faili moja. Baadaye ukitaka kupunguza drums pekee, haiwezekani. Rekodi njia moja baada ya nyingine ukizima zingine, ama rekodi MIDI uchague sauti ndani ya kompyuta.

*Kwa nini inasikika vizuri dukani lakini kanisani ni kelele?* Mara nyingi ni mambo mawili. Sauti ya kinanda imepandishwa hadi mwisho na miksa nayo imepandishwa, sauti ikapasuka. Weka kinanda kama robo tatu, fundi apandishe upande wake. Pili, staili ina besi nyingi na kanisa la mabati linarudisha kila kitu. Zima njia moja ama mbili na usikie tofauti.

*Nikipiga na staili, mimi ni mwanamuziki ama mbonyeza vitufe?* Jaribu hivi: izime katikati ya wimbo. Ukiendelea na watu wakaendelea kuimba, wewe ni mwanamuziki mwenye bendi ya kukusaidia. Wimbo ukifa, bado una mazoezi ya kufanya, na ni heri ujue hilo ukiwa keja kabla ya Jumapili.